Kiunzi cha Seli na Umeme wa Arusha

Wanaponialika kuzungumza na vijana wanaoanza kazi ya maabara, huwa wananiomba niwaeleze jinsi nilivyovumilia. Neno hilo silipendi. Punda ndiye huvumilia. Mimi nilifanya kazi, nikabishana, nikatolewa kwenye vikao, nikarudi, na siku walipotaka kuchukua seli zetu nilisema hapana mbele ya watu. Kwa hiyo kama umekuja kusikiliza habari za subira, kahawa ipo jikoni, kunywa uende kwa amani. Waliobaki sogezeni viti.

Jina langu ni Elieshi. Siku hizi naishi Nkoaranga, kwenye migomba na mibuni aliyoacha baba yangu, na majirani wanachojua ni kwamba nilikuwa dokta wa ng'ombe mjini. Ndama akiharisha wananiletea. Nawaambia, jamani, mimi ng'ombe mzima simjui vizuri; nazijua seli zake, vile vyumba vidogo vilivyomjenga ambavyo jicho haliwezi kuviona. Wananitazama kwa huruma, kisha wananiuliza kama basi nina dawa ya minyoo.

Aliyenifundisha kazi hii ni Mzee Loserian, Mwarusha wa upande wa magharibi wa Mlima Meru. Alikuwa amesoma nje, akarudi wakati wenzake wanamwambia amepotea njia. Siku ya kwanza aliniketisha mbele ya hadubini akaniuliza naona nini.

"Naona mifuko ya maji, mzee," nikasema.

"Mifuko ya maji! Na wewe mwenyewe si mfuko wa maji? Mbona umekaa wima kwenye kiti?"

"Nina mifupa."

"Basi na yenyewe inayo. Tafuta."

Nikatafuta karibu maisha yangu yote. Ndani ya seli kuna kiunzi. Kuna nyuzi nyembamba za protini inayoitwa aktini, na kuna mirija migumu kidogo inayoshikilia umbo na kuwa njia ya kusafirishia mizigo kutoka upande mmoja wa seli hadi mwingine. Lakini kiunzi hicho hakikai kama mifupa yenu. Kinajengwa na kubomolewa kila wakati. Seli ikiwa na raha hukijenga hivi. Ikipigwa na joto, ikinyimwa chakula, ikitiwa sumu, au hata ikivutwavutwa tu, hukijenga vingine. Na katika wanaosimamia ujenzi huo wa wakati wa shida kuna vimeng'enya ambavyo siku za raha huwa vimelala.

Kimoja tunakiita p38. Dhiki ikiingia, kinaamshwa kwa kubandikwa fosfati. Kikiamka kinabandika chembe ya fosfati kwenye kimeng'enya cha pili, na hicho cha pili nacho kinakwenda kubandika fosfati kwenye protini ndogo inayokaa karibu na nyuzi za aktini. Kibandiko hicho kimoja kinabadilisha tabia ya nyuzi: zinakusanyika, zinakuwa kamba nene, na seli inashika chini kwa nguvu. Kipo kingine, JNK, ambacho kina mambo mengi upande wa mirija. Nikianza hayo hamtakula chakula cha mchana.

Sasa utaniuliza yanamhusu nini mtu wa Meru. Mama mwenye ng'ombe wake mmoja wa kisasa bandani anajua kwamba joto likizidi maziwa yanapungua. Ng'ombe anahema, hali majani, anasimama tu. Hayo ya ng'ombe mzima wanayajua watu wa mifugo. Sisi tuliuliza swali dogo zaidi: zile seli za ndani ya kiwele, zinazotengeneza maziwa, joto likizikuta kiunzi chake kinafanya nini? Na kinapofanya, nani ametoa amri?

Ili kupata seli hizo tulikuwa tunakwenda machinjioni asubuhi na ndoo ya barafu. Vijana wa pale walishangaa mwanamke msomi anapita kwenye maini, anapita kwenye steki, anakwenda kuomba kipande cha kiwele. Wakaniita Mama Kiwele. Nilikasirika wiki ya kwanza. Baadaye nikaona ni cheo kizuri kuliko vingi nilivyopewa na ofisi, maana hiki walinipa kwa sababu walikuwa wameniona nikifanya kazi.

Nitawapa la kwanza la kutunza. Ule mwezi wa saba wa Arusha mnaujua, ukungu umekaa mlimani mpaka adhuhuri, watu wamevaa makoti ofisini. Nilikuwa bado mgeni kazini. Nikatoa seli zangu zenye afya kwenye inkubeta, lile kabati la joto, nikazimwagia formalini, dawa ya kuzikaza, kutoka chupa iliyokaa mezani, nikazipaka rangi ya kuonyesha mirija. Nikatazama. Hakuna mirija! Seli ipo, kiini kipo, mirija imekwenda. Nilimkimbilia Mzee Loserian nikiamini nimegundua jambo jipya duniani.

Aliitazama ile chupa, akaishika, akacheka mpaka akakaa. "Yeyo," akasema, na neno hilo kwao ni mama, ndivyo alivyoniita hata nilipokuwa binti, "umezimwagia baridi. Mirija ikipata baridi inabomoka yenyewe kabla dawa haijaikaza. Ulichopiga picha ni mwezi wa saba."

Tangu siku hiyo dawa yangu naipasha joto la mwili wa ng'ombe kwanza. Haikuandikwa kwenye maelekezo ya dawa ile, kwa sababu aliyeyaandika alikaa kwenye jengo lenye joto mwaka mzima. Maelekezo yana kwao. Ukiyaleta Arusha, yasome ukiwa umesimama Arusha.

Mambo yamebadilika, sikatai. Sisi tulikuwa tunasafisha filamu kwenye chumba cha giza, mikono inanuka dawa hadi kanisani. Kimeng'enya chenye fosfati huacha mstari mweusi kwenye filamu; mstari ukitokea, maana yake kimeng'enya kimeamka; usipotokea, kimelala, au wewe umekosea, na kujua lipi kati ya hayo mawili ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Siku hizi kamera inapiga, kompyuta inakuletea picha, na ninyi mnaipiga tena na simu mnarushiana. Sina ugomvi na hilo. Rangi tuliyotumia kuonyesha nyuzi za aktini ilitengenezwa kwa sumu ya uyoga, na bado inatumika, na bado ukiitazama mara ya kwanza, ile kijani inayowaka kwenye giza, unasahau kama una njaa.

Basi sasa nije kwenye ugomvi wenyewe.

Mzee Loserian alikuwa ameshafariki, nami nikawa ndiye mwenye chumba cha seli. Nilikuwa nakaribia kustaafu. Akaja Neema, binti wa kijiji cha Akheri, mwalimu wa baiolojia wa sekondari aliyepewa ruhusa ya masomo. Alikuwa mwepesi wa kuuliza na mgumu wa kuridhika, yaani alifaa. Kazi ya shahada yake ilikuwa hii: kuzipasha joto seli za kiwele, kutazama kiunzi, kisha kurudia akiwa amezitia kwanza dawa inayokizuia p38 kufanya kazi. Kama kweli p38 ndicho kinachoamrisha zile kamba nene, basi kikizuiwa kamba hazitajengeka.

Na hazikujengeka. Seli zilizopata joto peke yake zilifunga kamba, zikashika chini. Zilizopata joto huku p38 kimezuiwa zilikunjamana, nyuzi zikakatikakatika, seli zikawa duara na kuachia kisahani zilimokuwa zimekuzwa. Neema aliniita kwenye hadubini, akasimama nyuma yangu. Nilipogeuka nilikuta ameshika mdomo.

Tulipeleka picha kwa Mkurugenzi wa taasisi yetu. Jina lake tuliache. Alikuwa mtu wa hapa hapa nyumbani, msomi kweli, mdogo kwangu kwa umri na mwenye heshima. Alinipa shikamoo, nikaitikia, akatukaribisha chai. Kisha akasukuma zile picha pembeni.

"Mama, tuwe wakweli," akasema. "Hizi ni picha za umeme kukatika. Inkubeta inazima, inawaka, inazima. Seli zenu zina dhiki kabla hamjaanza kuzipa dhiki. Mnapima TANESCO."

Neema aliinamisha kichwa. Mkurugenzi akaendelea kueleza, kwa upole kabisa, kwamba amezungumza na wabia wa nje. Seli zote zitagandishwa na kusafirishwa, kazi irudiwe huko kwenye umeme wa uhakika. Neema atakuwa mmoja wa waandishi. Na chumba chetu kitafaa sana kuwa stoo ya sampuli.

"Na sisi tutakuwa tunafanya nini?" nikauliza.

"Mtakusanya. Machinjioni wanawapenda."

Hakusema kwa kejeli, na hilo ndilo lililoniuma. Aliamini kabisa kwamba ananifadhili. Mtu anayekudharau kwa chuki unaweza kumshinda kwa hasira, lakini anayekudharau kwa wema unahitaji akili.

Siku zilizofuata Neema hakuja kazini. Simu hapokei. Nikaenda kumtafuta mtaa wa Sekei alikopanga, nikamkuta uani anafua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hizo nguo zisingesubiri Jumamosi?"

Akakamua shati, akalitundika. "Mama, nimechoka. Ruhusa yangu inaisha mwaka huu. Nikirudi bila shahada, pale shuleni watasema nilikwenda kutembea. Wakizipeleka seli huko, mimi namaliza. Jina langu litakuwepo."

"Litakuwepo wapi?"

"Katikati."

"Katikati kama nini?"

Akajizuia, kisha akacheka bila kupenda. "Kama nyama ya sambusa."

"Ukila sambusa umewahi kuuliza nyama imetoka kwa nani?"

Akaacha kufua. Akakaa kwenye kigoda, mikono ina povu. Halafu akaniuliza swali lililonifanya nimheshimu mpaka leo. "Lakini mama, kama ni umeme kweli?"

Angeweza kuniuliza kwa nini Mkurugenzi anatuonea. Angeweza kuniambia nimtetee. Yeye alitaka kujua kama jambo ni kweli.

"Sijui," nikamjibu. "Wala yeye hajui. Sasa tukapime. Kama ni umeme, nitafunga kile chumba kwa mkono wangu na ufunguo nimpelekee. Kama siyo umeme, hafungi mtu."

Tulimwita fundi umeme wa taasisi. Nikamwambia nataka azime umeme wa chumba cha seli. Alinitazama akadhani nimechanganyikiwa.

"Dokta, miaka yote mnanipigia kelele niwashe. Leo unaniita nizime?"

"Zima. Na uzime kama wanavyozimaga wao, bila kuniambia saa ngapi."

Akafanya. Alizima na kuwasha kama alivyojisikia, nadhani alifurahia sana. Sisi tukawa na visahani ndani ya inkubeta iliyozimwazimwa, na vingine kwenye ya pili iliyounganishwa na betri, ambayo haikuzimika hata kidogo. Kisha tukazivunja seli za pande zote mbili na kutafuta ule mstari mweusi wa p38 kilichoamka.

Hapa wekeni la pili la kutunza. Ukishaivunja seli, ndani yake kuna vimeng'enya vingine vinavyokimbilia kubandua zile fosfati. Usipotia dawa ya kuvizuia, na usipoweka kwenye barafu hapo hapo, utakuta kila kitu kimelala na utaandika kwamba seli ilikuwa na amani. Nimeona watu wakipoteza mwaka kwa sababu ya barafu iliyoyeyuka.

Picha ikatoka. Inkubeta iliyozimwazimwa: p38 kimelala. Ya betri: kimelala vile vile. Hakuna tofauti ya maana! Mashine yetu ilikuwa ya kizamani, nzito kama kabati la sakristia kule kanisani, ya aina ile yenye kuta zilizojaa maji ya moto. Umeme ukikatika, maji yale hayapoi upesi. Ukiacha mlango umefungwa, seli hazijui hata kama kuna mgao wa umeme. Mkurugenzi alikuwa ameiorodhesha kati ya vitu vya kutupa.

Nilianza kuimba pambio. Neema hakuimba. Alikuwa ameinamia picha ya tatu.

"Mama, njoo uone hii."

Ilikuwa ni picha ya visahani vya kulinganishia, vile ambavyo havikupashwa joto kabisa na vilitakiwa viwe vimelala. Tulivitumia katika majaribio yetu ya mwanzo, na kwa kuwa tulitaka haki, tuliyapima upya mabaki yake tuliyokuwa tumegandisha. Mstari ulikuwepo. Hafifu, lakini upo. p38 kilikuwa kimefumbua jicho moja.

"Kwa hiyo Mkurugenzi yuko sahihi," Neema akasema.

"Yuko sahihi nusu. Seli zilikuwa na dhiki. Sasa nani alizipa?"

Tulikaa tukafuatilia kila hatua tunayofanya, kwa miguu yetu wenyewe, tukiwa na sinia tupu mkononi. Kutoka inkubeta, kufungua mlango, kupita kwenye ukumbi mrefu ambao madirisha yake hayafungi, upepo wa mlimani unapiga, mpaka chumba cha pili chenye beseni la maji ya moto la kuzipashia joto. Neema alisimama katikati ya ukumbi akajikumbatia kwa baridi. Hapo tukaelewa. Tulikuwa tunazibeba seli kutoka joto la tumbo la ng'ombe, tunazipitisha kwenye baridi, tunazitikisa kwa mwendo wetu, halafu tunaziita tulivu.

Tulinunua kasha la povu lile la kubebea samaki, tukaweka ndani chupa za maji yenye joto linalotakiwa, tukawa tunabebea humo. Tukajifunza kutembea polepole. Na tukishafika, tunaziacha seli zipumzike kabla ya kuzigusa, zile za kupashwa joto na zile za kulinganishia, zote sawa. Hilo ndilo la tatu na ndilo kubwa: kisahani chako cha kulinganishia kitendee kila kitu unachokitendea kile kingine, isipokuwa kile kimoja unachokipima. Ukikibeba kimoja, beba vyote. Hata kubadilisha chakula cha seli kunaweza kuamsha vimeng'enya hivi. Mkono wako ni dhiki. Ujue hivyo kabla hujailaumu dunia.

Tukarudia kazi yote kutoka mwanzo. Neema alikonda. Mimi mgongo uliniuma nikawa nakaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya hadubini kama mama ntilie. Na matokeo yakaja yale yale, ila sasa yalikuwa safi: zisizopashwa joto zimelala kabisa, zilizopashwa zimefunga kamba nene, zilizozuiwa p38 zimesambaratika.

Safari hii sikumpelekea Mkurugenzi picha. Nilimwomba aje yeye. Nikampa vile vioo vya hadubini vyenye seli na mkanda wa karatasi, nikamwambia afunike majina mwenyewe na kuvichanganya mwenyewe, sisi tukiwa nje. Kisha Neema akatazama na kuvipanga kwa makundi. Mkurugenzi akabandua mkanda, kimoja kimoja. Vyote vilikuwa mahali pake. Akaketi yeye kwenye hadubini, na alikaa pale muda mrefu, akizungusha kile kitufe taratibu. Alikuwa mwanasayansi kabla ya kuwa mkurugenzi, na kwa dakika hizo nilimwona yule wa zamani.

"Ni nzuri," akasema alipoinuka. "Kweli ni nzuri, mama." Akavaa miwani. "Lakini makubaliano yameshasainiwa. Kasha la kuchukulia seli linakuja."

Vijana, nisikilizeni hapa. Nilidhani ukweli ukishaonekana mambo yamekwisha. Hayakuisha. Kuwa sahihi ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kukataa kuondoka ukiwa sahihi.

Kasha lilikuja, na kikao kikaitishwa, maana seli haziwezi kutoka bila saini ya anayezitunza, na anayezitunza ni mimi. Walikuwepo wakuu wa idara wote. Mkurugenzi akanipa kalamu.

"Sisaini," nikasema.

Akadhani sijaelewa. Akaeleza tena faida ya ushirikiano. Nikasubiri amalize.

"Sikatai ushirikiano," nikasema. "Chukueni nusu ya seli. Wapelekeeni na maelezo yetu yote ya namna ya kuzitunza, warudie kazi, wakipata tofauti tubishane. Nusu inabaki hapa. Chumba kinabaki. Na Neema anamaliza kazi yake hapa, kwa jina lake, mbele. Hii seli haikuota kwenye friji la mtu. Imetoka kwenye ng'ombe wa Meru, ikakuzwa na watu wa Meru, ikapimwa kwa umeme wa Arusha tukiuzima na kuuwasha. Hatutakuwa watu wa kubeba ndoo kwenye nyumba yetu wenyewe."

Mkuu wa idara mmoja alikuwa anachezea kikombe. Mkurugenzi akazungumza kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwonya mama yake.

"Mama, mkataba wako wa kuendelea baada ya kustaafu uko mezani kwangu. Unajua hilo?"

"Najua. Na wewe unajua kwamba sijasaini."

Niliogopa, nisiwadanganye. Kijana wangu wa mwisho alikuwa bado chuoni, na nyumba ya Nkoaranga ilikuwa haijaezekwa upande mmoja. Lakini nilikaa. Yule mchezea kikombe akakohoa, akasema haoni ubaya wa nusu kwa nusu. Mwingine akasema hata yeye. Ikapita hivyo. Nusu ikaondoka, nusu ikabaki, chumba hakikuwa stoo.

Mkataba wangu haukuongezwa. Nilistaafu tarehe yangu ilipofika, nikapewa saa ya ukutani na shuka la Kimasai, na Mkurugenzi akatoa hotuba nzuri kuhusu uvumilivu wangu. Nilipopewa nafasi ya kushukuru nilisema, "Ahsanteni. Ila sikuvumilia." Watu wakacheka wakidhani ni utani. Yeye hakucheka, akanipa mkono, akaushika muda mrefu kidogo kuliko inavyotakiwa. Wala sina kinyongo naye. Wabia nao walipata kwao picha zinazofanana na zetu, na kazi ilipotoka ilitoka kwa majina ya pande mbili, la Neema likiwa la kwanza. Kama ningekosea ningeumbuka. Nililijua hilo tangu nilipomwita fundi.

Siku ya Neema kutetea shahada yake nilisafiri hadi chuoni kwake, tayari ni mstaafu, nikakaa viti vya nyuma na gauni langu la kanisani. Aliongea vizuri. Akaeleza kiunzi, akaeleza p38, akaonyesha zile nyuzi za kijani zinazowaka. Watahini wakamhoji mpaka shingo ikamtoka jasho. Mwishoni mmoja wao, mgeni kutoka chuo kingine, akafunga karatasi zake akaegemea kiti.

"Binti, nikuulize moja kwa moja. Nyie huko umeme unakatika kila siku. Kwa nini niziamini hizi picha?"

Niliinamisha uso kwa sababu nilijua machoni kwangu kuna kitu na sikutaka kimsumbue. Angeweza kueleza kuta za maji. Angeweza kueleza betri, kasha la samaki, vioo vilivyofunikwa majina, na yote yangekuwa kweli, na yalikuwa kwenye kurasa alizokuwa ameshika yule mtahini.

Neema aliweka kijiti cha kuonyeshea mezani, akamtazama.

"Usiziamini, profesa," akasema. "Njoo Arusha, uzime wewe."